Naombeni ushauri: usiku silali, mchana moyo unanienda mbio

Mtu_wa_Kesho: Wakuu, heshima kwenu. Siku zote nasoma na kupita, leo maji yamenifika shingoni. Nachoka hadi macho yanawaka, ila nikizima taa tu, kichwa ndiyo kinawaka. Naanza na ya kesho: kikao, ripoti, bosi kaniangalia vipi. Nikimaliza hayo naanza kuogopa kutolala kwenyewe. Nikibahatika kusinzia, saa tisa usiku nashtuka, na hapo ndiyo basi hadi kunakucha. Mchana simu ikiita moyo unaruka, mikono inatetemeka, jasho linanitoka na hakuna joto. Sasa kazini kuna zamu ya usiku ambayo watu wanaikimbia. Nimeshaandika barua kuomba nihamishiwe huko moja kwa moja, maana kukesha nakesha tayari. Niipeleke au nisubiri?

Bakora_ya_Babu: Simu kitandani, video hadi usiku wa manane, halafu mnalalamika mna wasiwasi. Zima simu, sali, lala. Sisi giza likiingia tulilala, hayo magonjwa yenu hatukuyajua.

Cheka_Kidogo: Mkuu, usingizi wako nadhani uliletwa kwangu kimakosa. Mimi nasinzia hata nikiwa nimesimama kwenye foleni. Njoo uuchukue.

Mama_Mapacha: Pole sana mwanangu. Mimi yalinikuta baada ya kufiwa na mama. Kilichokuwa kinanimaliza ni saa ya ukutani. Naiangalia, napiga hesabu: nikilala sasa hivi napata saa nne. Nageuka, naangalia tena: zimebaki tatu. Kila hesabu moyo unapanda, na moyo ukipanda usingizi unakimbia. Mwanasaikolojia niliyepelekwa hakunipa kidonge, alinipa masharti. Saa itoke chumbani. Nikiona nimekaa macho muda mrefu niinuke, nikakae sebuleni kwenye mwanga hafifu hadi kope zilegee zenyewe, ndipo nirudi. Asubuhi niamke wakati uleule hata kama nimelala kidogo, na mchana nisijilaze. Mwanzoni niliteseka, nikawa natembea kama mlevi, nikamchukia yule mtu. Halafu mwili ukaanza kukubali kwamba kitandani ni mahali pa kulala. Mume wangu kipindi chote hicho anakoroma pembeni, na hilo la kukoroma nitalifungulia uzi wake.

Nesi_wa_Zamu: Kabla ya barua, mleta mada: kuna dawa yoyote unameza, au ulikuwa unameza ukaacha? Pombe? Kahawa unakunywa saa ngapi?

Mtu_wa_Kesho: Pombe sigusi. Kahawa ni asubuhi tu. Nilitaka ushauri wa zamu, wakuu.

Darubini: Kuhusu zamu: kukesha kwa wasiwasi na kukesha kazini ni vitu viwili. Saa ya mwili inafuata mwanga. Ukilala mchana, mwanga, kelele na joto la mwili wako mwenyewe vinakupinga, ndiyo maana wengi wa zamu za usiku hulala muda mfupi zaidi na usingizi wao hukatikakatika. Utakuwa umeuhamisha ugonjwa kutoka usiku kwenda mchana.

Halafu watu hupenda kuuliza kipi kilitangulia, wasiwasi au kukosa usingizi. Kwa kweli vinalishana. Ukiwa na hofu mwili unamwaga adrenalini, unakuwa macho kama mlinzi. Na usipolala, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, amigdala, inakuwa nyepesi kushtuka. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwaonyesha picha za kutisha watu waliokesha na waliolala. Kwa waliokesha, sehemu hiyo iliitikia kwa nguvu zaidi kwa takriban asilimia 60, na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuliza, yalikuwa yamelegea. Kwa hiyo simu inapokurusha moyo mchana, usidhani umekuwa mwoga.

Nesi_wa_Zamu: Maelezo mazuri, ila mwenye uzi hajajibu la dawa. Jasho na kutetemeka ndivyo vinanifanya nirudie. Mleta mada, dawa?

Mtu_wa_Kesho: Sawa. Kuna vidonge vya diazepam, vile vya kutuliza wasiwasi, vya shangazi yangu, alikuwa amebakiwa navyo, akanipa nipumzike. Vilinisaidia sana. Nikavitumia miezi kadhaa, kimoja usiku, baadaye viwili maana kimoja kilikuwa hakinishiki tena. Juzijuzi nikaamua kuviacha, nikavitupa vyote. Tangu hapo sijafumba jicho kabisa. Lakini hilo nimeshalimaliza, sitaki kuwa mtumwa wa kidonge. Ndiyo maana nimeuliza kuhusu zamu tu.

Nesi_wa_Zamu: Hujalimaliza, ndiyo kwanza limeanza. Dawa za kundi hilo mwili huzizoea, na ukizikata ghafla wasiwasi na kukosa usingizi vinarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Wewe unadhani ni ugonjwa wako umezidi, kumbe ni mwili unaidai dawa. Kuna wanaofika mbali zaidi, wanaanguka na degedege. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza ziwekewe onyo zito zaidi kuhusu mwili kuzizoea hivyo na hatari ya kuziacha ghafla. Zinapunguzwa kidogokidogo chini ya daktari, na yeye ndiye atakayekupangia. Usiende kutafuta nyingine kwa shangazi. Nenda hospitali leo.

Mtu_wa_Kesho: Dada, niende nikamwambie daktari nilimeza dawa za mtu mwingine? Na akinirudisha kwenye vidonge vilevile si nitakuwa nimefanya kazi bure? Nimeshavumilia kipande kigumu. Zamu ikibadilika mwili utajipanga wenyewe.

Bakora_ya_Babu: Dawa ya mtu ni ya mtu. Huyo shangazi naye angechapwa.

Jicho_Kali: Wadau amkeni. Mwanzo anashtuka saa tisa usiku, maana yake alikuwa amelala. Sasa hivi hajafumba jicho kabisa. Dawa hazikuwepo, alipobanwa zikatokea, na shangazi juu. Mtu asiyelala kabisa haandiki aya zilizonyooka namna hii. Hii ni chai, na nyie mnaipuliza.

Cheka_Kidogo: Kwa hiyo usingizi wake nibaki nao?

Mama_Mapacha: Jicho_Kali, taratibu. Mimi nilikuwa naapa kwamba sijalala hata lepe. Mume wangu ananiambia, "Nilikuita mara mbili hukuitika." Tuligombana kwa hilo. Sikuwa namdanganya.

Darubini: Na hilo lipo kwenye vipimo. Watu hulazwa na nyaya kichwani, mashine inaonyesha wamelala saa kadhaa, asubuhi wanasema walikuwa macho usiku mzima. Ukiwa na hofu ya usingizi, dakika za kuwa macho zinavimba na za kulala zinapotea. Kupishana kwa maelezo yake hakunipi shaka hata kidogo.

Jicho_Kali: Sawa, na kuficha dawa?

Nesi_wa_Zamu: Kila zamu napokea wanaoficha dawa. Wanaogopa kusemwa, na humu ameshasemwa na babu. Hata kama ingekuwa hadithi, kuna msomaji ana vidonge vya namna hiyo kwenye droo na anafikiria kuvitupa usiku huu. Namwandikia huyo pia.

Mtu_wa_Kesho, daktari hatakugombeza, anahitaji kujua ulimeza nini, kiasi gani, na lini uliacha. Likishatulia, omba tiba aliyoieleza Mama_Mapacha. American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, walishaipendekeza mwaka 2016 iwe ya kwanza kwa watu wazima wenye tatizo la muda mrefu, kabla ya vidonge. Mtu wa kukusindikiza yupo? Usiendeshe gari.

Mtu_wa_Kesho: Mdogo wangu yupo, nimemwambia. Ganda la vidonge nililiokota kwenye pipa, nitakwenda nalo. Jicho_Kali, sina cha kukuthibitishia. Barua ya zamu sijaichana, ila kwa leo inabaki kwenye begi.

Nesi_wa_Zamu: Nendeni sasa. Mikono ikizidi kutetemeka njiani, au ukaanza kuona vitu ambavyo mdogo wako havioni, msipange foleni. Pitilizeni kitengo cha dharura.