Mjadala: Muuzaji akiijua dosari ya ng'ombe akanyamaza, amekudhulumu au amefanya biashara?

Wafugaji wenzangu, asalaam alaykum, na amani kwenu nyote.

Nimebishana na jamaa yangu wa Muheza na hatukuafikiana. Yeye anasema ng'ombe anayeuziwa zizini ni kama nguo ya mtumba: unamgeuza, unamkagua, ukishalipa umelipa. Muuzaji akiulizwa akasema uongo ana kosa. Asipoulizwa, halazimiki kujishushia bei kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi nasema anayejua akanyamaza amenidhulumu. Naleta shauri hili kwenu, na sifichi upande wangu.

Kisheria jamaa yangu ana pa kushika. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, imefuata sana ile ya India ya mwaka 1872, nayo haihesabu kunyamaza peke yake kuwa ni ulaghai, ila pale ambapo hali yenyewe inamtaka mtu aseme. Ile ya India ilitoa na mfano: mtu anauza mnadani farasi ambaye anajua si mzima, hasemi neno, huo si ulaghai. Lakini mnunuzi akiwa ni binti yake aliyetoka utotoni juzi, hapo ana wajibu wa kumwambia.

Angalieni, mfano ule ni wa mnadani. Mnadani kuna macho mengi, kuna wazee wanaomfungua mnyama mdomo wakamhesabu meno, na ukisita kuna ng'ombe mwingine hatua tatu mbele. Zizini tuko mimi na wewe tu, na wewe ndiye uliyemkamua miaka minne.

Umri nitausoma kwenye meno. Kuchechemea nitakuona. Lakini jicho gani litaona kwamba alishawahi kutupa mimba? Au kwamba kila baada ya siku ishirini na moja anarudi kwenye joto, yaani anataka dume tena kwa kuwa hakushika mimba, na mmeshampandisha mara tano? Mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, aliyezaliwa pacha na dume ndiye mbaya kuliko wote: mara nyingi sana huwa tasa, lakini ukimtazama ana mwili mzuri na ngozi inang'aa, hata ukatamani umlipe mwenyewe hapohapo. Anayejua kuwa walizaliwa wawili ni yule aliyekuwepo usiku ule bandani.

Yangu ni haya. Nilinunua ng'ombe kwa mtu, nikaambiwa ana mimba ya miezi mitano. Sikuwa mjinga, nilimleta daktari wa mifugo akapima kwa mkono, na mimba kweli ilikuwepo. Mwezi wa saba akaitupa. Mke wangu ndiye aliyemhudumia, kwa mikono mitupu. Damu ilipopimwa ikaonekana ni brusela, ugonjwa unaompata binadamu kwa maziwa mabichi na kwa kushika mimba iliyotoka. Mke wangu aliugua homa za kuja na kuondoka, viungo vinamuuma, mpaka naye akapimwa akaanza dozi. Nikapima ng'ombe wangu wengine wawili, nikiogopa huenda zizi langu ndilo lililomwambukiza. Walikuwa salama. Baadaye nikasikia kwa jirani wa muuzaji kwamba hiyo haikuwa mimba yake ya kwanza kutoka.

Jamaa yangu ananijibu: "Ulimuuliza kama alishatupa?" Sikumuuliza. Hoja yake yote imesimama hapo, na mimi siwezi kuikubali.

Kuna na ile hila ya kutomkamua ng'ombe tangu jana yake ili kiwele kijae mnunuzi akifika. Si ya leo. Mtume (S.A.W.) alikataza kufunga viwele vya ngamia na mbuzi kwa ajili ya kuuza, na aliyeuziwa hivyo akapewa hiari ya siku tatu: abaki na mnyama, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Wale hawakuambiwa kwamba walipaswa kuuliza kwanza.

Najua wauzaji watasema nini kuhusu siku tatu, na wana haki kusema. Ng'ombe akisafirishwa, akabadilishiwa majani, akashikwa na mkono asioujua, maziwa hushuka hata kama alikuwa akitoa kila lita uliyotajiwa. Mnunuzi mkorofi anaweza kumrudisha akiwa amemdhoofisha mwenyewe. Kwa hiyo kwenye lita mimi naona mnunuzi akamue mwenyewe palepale kwa muuzaji, jioni na tena asubuhi yake, ndipo alipe. Kutupa mimba, kurudia joto, chuchu iliyokufa na upacha na dume vitajwe bila kuulizwa. Anayeona vitamwangushia bei amwuzie mchinjaji, ambaye haulizi mimba wala maziwa.

Limebaki la jina. Wapo wanaotaka orodha ya wauzaji wabaya isambazwe kwenye makundi ya WhatsApp. Hapo nasita. Ujumbe mmoja wa hasira unaweza kumfungia mtu soko miaka, na pengine ng'ombe aliugulia kwa mnunuzi. Mimi jina sijalitaja. Nilimpigia simu, nikamwambia nina majibu ya maabara, akasema atanirudia, na mpaka leo kimya. Naona aliyenyimwa jibu namna hiyo, na karatasi anayo mkononi, ana haki ya kumwambia mfugaji anayemuuliza: yule aliniuzia hivi, majibu haya hapa. Kumwambia anayeuliza na kumtangaza mtu ovyo ni vitu viwili.

Ninaowangoja zaidi ni madalali. Mnapokea chenu kwa muuzaji, na wengine mnapokea na kwa mnunuzi. Dalali akiijua historia ya ng'ombe, naye ananyamaza kwa haki gani?