"Ethi ya nini, gari si lina matairi?"

Mwana Chumbageni: Wakuu, nimeambiwa hivi sasa hivi, mwili mzima unawaka. Fundi mnamjua, hapa Tanga kuanzia Raskazone mpaka Pongwe kaacha makovu yake, simtaji. Banda la gari liko mita 30 kutoka nyumbani, ndani kuna mashine ya kuchomelea. Kafukia waya wa milimita 1.5, ule wa taa! Hauna bomba, na kuku akichakura mara mbili anauibua. Naulizia ethi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja: "Ethi ya nini, gari si lina matairi?"

Na geti la chuma la banda, nalo lina matairi? Waya huo ukibeba ampea 20 unapoteza volti 17, zaidi ya asilimia 7, na kikomo ni 5. Wa milimita 6 ungepoteza 4 na nusu tu. Halafu kaulinda kwa breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampea 32, waya utayeyuka breka imelala. Matairi!

Mzee wa Breka: Fukua chote. Kebo yenye nyuzi za chuma, sentimita 60 chini, utepe wa tahadhari juu yake. Bandani weka RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Nondo ya ethi inayogongelewa ardhini peke yake haikuokoi: ikiwa na ukinzani wa omu 50, volti 230 zinapitisha ampea 4.6, breka ya 32 haishtuki na geti linabaki na umeme. Nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi usiziunganishe kule bandani.

Mkonge Mkavu: Mtaro wa kina cha kijiko umechimbwa mchana kweupe, ulikuwa unaangalia wapi?

Mwana Chumbageni: Kaniambia MATAIRI, mkuu!

Chungwa la Muheza: Marekani kebo inayozikwa bila bomba inakwenda inchi 24, ndani ya bomba la PVC inchi 18. Na nondo iwe ya kupakwa shaba. Hizi za kusukia zege wanazochomeka mafundi, chumvi ya Tanga inazitafuna.

Binti Ngamiani: Afadhali wa umeme. Wa mabomba anaunga PVC bila kusugua wala kukausha, gundi inabanduka maji yakifunguliwa.

Mkonge Mkavu: Wa vigae je? Mteremko wa bafu anauelekeza mlangoni!

Binti Ngamiani: Yule wa Makorora? Mfungulieni uzi wake.

Mzee wa Breka: Kigae kigongwe kwanza, kikilia wazi chini hamna saruji.