Tasnifu yangu kuhusu riwaya za wahamiaji wa Kihindi imerudishwa. Naombeni ushauri

Mama Neema

Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nasoma shahada ya uzamili ya fasihi jioni jioni, na tasnifu naiandika kwa Kiswahili. Mada yangu ni utambulisho wa kitamaduni kwa waandishi wenye asili ya India walioandikia Marekani. Nimechukua riwaya mbili: *The Namesake* ya Jhumpa Lahiri (2003) na *Jasmine* ya Bharati Mukherjee (1989).

Hoja yangu ilikuwa kwamba mhusika akibadili jina, hapo ndipo anapoutupa utamaduni wake. Gogol Ganguli anakwenda kwa hakimu kubadili jina kabla hajaingia chuo kikuu. Jyoti, binti wa kijijini Punjab, anageuka Jasmine, halafu Jase, halafu Jane huko Iowa. Sura ya kwanza niliifungulia kwa methali "Mwacha mila ni mtumwa".

Msimamizi ameirudisha na maneno mawili tu pembeni: "Soma tena." Na neno "usilimisho", ambalo nimelitumia karibu kila ukurasa kwa maana ya mtu kumezwa na utamaduni wa ugenini, amelizungushia duara jekundu.

Nimesoma tena na sijaona kosa. Nina miezi mitatu. Kubadili mada sitaki, kwa sababu jambo hili liko nyumbani kwangu: binti yangu ana miaka tisa, Kinyakyusa hakijui, na bibi yake akipiga simu kutoka Tukuyu wanasalimiana tu kisha simu inarudishwa kwangu. Nisaidieni.

Mtu wa Isimu

Pole, mwalimu. Nianze na duara jekundu. Usilimisho tumeuzoea kwenye fonolojia, yaani elimu ya sauti za lugha: sauti inabadilika ifanane na jirani yake. *N* ikikutana na *bao* tunapata *mbao*. Sauti haina hiari katika hilo. Jyoti anayo, hata kama ni ndogo. Ukimwita mtu kwa neno la sauti, umeshamnyang'anya uamuzi kabla hujafungua kitabu.

Tumia "kumezwa" pale anapomezwa kweli. Kwingine sema kuzoea, kuchanganyika, kujificha. Hayo ni mambo tofauti, na riwaya hizo zinayatofautisha.

Mwalimu wa Fasihi

Mama Neema, nakuuliza swali moja: Gogol ni jina la wapi?

Ni la Kirusi. Baba yake, Ashoke, alinusurika ajali ya treni usiku huko India akiwa anasoma hadithi ya Nikolai Gogol. Waokoaji walimwona kwa sababu ya karatasi ya kitabu iliyokuwa mkononi mwake. Mtoto alipozaliwa Massachusetts, walikuwa wanasubiri barua yenye jina kutoka kwa bibi wa mama mtu. Barua ikapotea njiani kutoka Calcutta. Hospitali haikuruhusu mtoto atoke bila jina, basi wakaandika Gogol, wakijua ni la muda.

Sasa soma lile analolichukua kwa hakimu. Ni Nikhil. Hilo ndilo jina la Kibengali, la kwao India, ambalo wazazi walimchagulia alipoanza shule ya awali, na mwenyewe akalikataa. Kwa hiyo kijana unayesema ameutupa Uhindi kwenda mahakamani, ametoka huko na jina la Kihindi!

Lakini usikimbilie kusema amerudi kwao. Nikhil analitumia mbele ya watu wasiomjua utotoni, ili aishi kama mtu asiye na nyumbani. Jina la asili linakuwa mlango wa kutokea. Nadhani hapo ndipo msimamizi wako anataka ufike, na mimi kila nikifika hapo huwa naweka kitabu chini kwanza.

Tena usipite haraka kwenye desturi ya Wabengali ya majina mawili: *daknam*, la nyumbani, na *bhalo nam*, la shule na vyeti. Msomaji wako wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana. Wangapi kwetu wanaitwa jina moja kwenye cheti na jingine jikoni? Vilevile Ashima, mama yake Gogol, hatamki jina la mumewe. Mama zetu wanaosema "Baba Fulani" watamwelewa kuliko wahakiki wengi.

Kijana wa Moro

Mama, kuna filamu ya *The Namesake* ya 2006, ya Mira Nair. Itazame utamaliza mapema.

Mwalimu wa Fasihi

Itazame baada ya kusoma, mdogo wangu, usiitumie badala ya kusoma. Filamu imewahamishia New York familia ambayo kitabuni iko Massachusetts. Ukinukuu kutoka filamu, mtahini atakukamata siku hiyohiyo.

Dada Mhakiki

Naongezea kuhusu Jasmine. Tazama nani anampa majina. Jasmine kapewa na Prakash, mumewe, wakiwa bado Punjab, kwa sababu alitaka mke wa kisasa. Jase ni Taylor, mwajiri wake New York. Jane ni Bud, mwanaume anayeishi naye Iowa. Badiliko lilianza kabla hajapanda chombo chochote cha kuvuka bahari, na kila moja ya majina hayo matatu lina mwanaume nyuma yake. Gogol anakwenda mwenyewe kuomba jina. Jyoti anaitwa, naye anaitika. Ukiwapima kwa kipimo kimoja utamdhulumu Jyoti.

Na waandishi wenyewe hawako upande mmoja. Mukherjee aliondoka Canada mwaka 1980 akilalamikia ubaguzi, na huko Marekani alikataa kuitwa mwandishi wa "Kiasia-Kimarekani". Alitaka kuitwa Mmarekani, basi. Kwake kubadilika kulikuwa ushindi wenye maumivu. Lahiri haandiki hivyo hata kidogo.

Mtoto wa Upanga

Mama Neema, salaam kutoka Toronto. Mimi ni Mhindi wa Dar. Wazazi walihama baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971, nikiwa mdogo.

Methali yako imenichoma, nakwambia kwa heshima. Mama yangu alipofika huku, wanawake waliotoka India moja kwa moja walimshangaa: Kigujarati chake kina *fagio* na *sufuria*. Kwao hakuwa Mhindi kamili. Kwa Wazungu alikuwa Mhindi tu. Na akiwa peke yake jikoni alihesabu vikombe kwa Kiswahili. Niambie, aliacha mila ipi?

Kama unaweza kuongeza sura moja, msome M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar. Katika *The Gunny Sack* (1989), Dhanji Govindji anatoka India, anazaa na mjakazi, Bibi Taratibu, na mtoto wao Huseni anapotea. Baba anamtafuta mpaka anatumia fedha za jumuiya. Ukoo mzima unabeba kutoweka kwa mtoto huyo. Nilipomaliza nilimpigia dada yangu, tukaanza kuulizana maswali kuhusu babu ambayo nyumbani hayakuwahi kuulizwa.

Mama Neema

Nimesoma yote mara mbili na nimelia kidogo kwa ya huyu wa Upanga. Nisamehe kwa methali, kaka. Nimeifuta.

Nabaki na riwaya mbili, muda hauruhusu tatu. Vassanji ataingia kwenye utangulizi. Swali jipya litakuwa: nani anampa mhusika jina, na nani analitumia? Usilimisho nauondoa.

Mwalimu, ile barua ya bibi iliyopotea imenikalia. Neema alipozaliwa, mama mkwe alimpa jina la kwao. Kwenye cheti hatukuliandika, na sasa silikumbuki vizuri. Kesho asubuhi nampigia Tukuyu, na safari hii simu nitampa Neema aulize mwenyewe.