Kota za Reli, Moshi: gumzo la familia, Jumapili jioni

Baba Neema: Tumsifu Yesu Kristo wanafamilia

Mjomba: Milele amina.

Baba Neema: Nilikwenda soko la Memorial kutafuta viatu vya shule, nikaona nipite stesheni mara moja
[picha] [picha]

Kitinda: Hapo ni wapi?

Baba Neema: Kwetu

Kitinda: Acha utani kaka

Baba Neema: Angalia ngazi ya pili. Hiyo pembe iliyomeguka ni mimi na baiskeli ya marehemu baba

Dada Mkubwa: Eh Mungu wangu. Madirisha yako wapi??

Baba Neema: Wameziba kwa mabati. Jikoni hakuna dari. Pale kwenye mchicha wa mama kuna gari bovu limekaa juu ya mawe, na fundi seremala anaranda mbao zake. Kanikaribisha vizuri tu, akaniuliza nataka kitanda cha ngapi kwa ngapi 😅

Dada Mkubwa: Na mjakaranda?

Baba Neema: Upo, nusu. Upande wa nyaya za umeme umekatwa wote

Kitinda: Nimeishiwa nguvu jamani. Hapa Dar nikiwaambia wanangu kwamba kwetu hatukuwa na saa ya ukutani, treni ndiyo ilikuwa saa, wanacheka. Honi ikilia huko mbali mama anasema haya amkeni, baba yenu anaingia. Tunakimbia pekupeku hadi stesheni. Baba anashuka behewa la nyuma na taa yake ya gadi mkononi, na kile kikapu cha machungwa ya Muheza

Dada Mkubwa: Na harufu ya magunia ya kahawa kwenye mabehewa ya mizigo. Hadi leo nikipita mahali pana magunia mapya najikuta nimesimama

Baba Neema: Msisahau na foleni ya choo cha nje saa kumi na mbili asubuhi, mlima uko wazi na baridi lake lote

Dada Mkubwa: 😂😂 Hicho mwachie fundi seremala

Kitinda: Ila kwa nini waliacha pakafa hivi? Shikamoo mjomba, wewe ulifanya kazi hapo

Mjomba: Marahaba. Pale hapakufa siku moja. Nyie mlikuta mwisho wa sherehe. Reli ililetwa na Mjerumani kutoka Tanga ikaishia Moshi, Mwingereza akaifikisha Arusha mwaka 1929. Na pale Kahe kuna tawi la kwenda Taveta hadi Voi, kwa hiyo mzigo wa Moshi ulikuwa na bandari mbili, Tanga na Mombasa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Wenzangu wengine walikuwa Waluo na Wakamba, tulilea watoto pamoja, wakarudi kwao. Kota zilianza kupata vyumba vitupu hapo. Halafu mabasi yakachukua abiria, na miaka ya tisini treni ya abiria ikasimama. Nyumba ya reli bila treni ni kuta tu.

Kitinda: Mjomba ameshika chaki leo 🙌

Mjomba: Umeuliza, nimejibu.

Dada Mkubwa: Lakini si imerudi? Desemba 2019 tuliona watu wanashuka Moshi wanapiga picha

Baba Neema: Imerudi, na Krismasi inajaa Wachaga kweli kweli. Ila watu wanashuka, wanarukia bodaboda, wametoweka. Zamani dereva wa treni ndiye huyo huyo aliyekuja jana kuazima chumvi

Kitinda: Mimi kumbukumbu yangu tamu kuliko zote ni ile sikukuu ya mayai. Mnakumbuka? Siku tatu tulikula mayai ya kuchemsha asubuhi mchana jioni. Nilikula saba kwa mpigo, mama hakunikataza! Nikajua tumekuwa matajiri

Dada Mkubwa: Kitinda.

Kitinda: Nini

Dada Mkubwa: Yale yalikuwa mayai ya kuuza. Abiria wa madirishani. Mama alichemsha kama sitini, akakaa stesheni na beseni kuanzia saa kumi na mbili. Saa tano stesheni masta akamwambia mama nanihii nenda nyumbani, treni haiji leo, na sidhani kama wiki hii itakuja. Nilikuwa naye. Tulirudi kimya, beseni kichwani kwake, mimi nimebeba chumvi na pilipili

Kitinda: ...

Dada Mkubwa: Na mayai alikuwa ameyakopa kwa mama mmoja wa Njoro. Alilipa kwa kuuza cherehani

Kitinda: Tuliambiwa iko kwa fundi

Dada Mkubwa: Wewe uliambiwa

Baba Neema: Hata mimi niliambiwa fundi. Miaka yote hii

Mjomba: Dada yangu hajawahi kunieleza habari hiyo.

Kitinda: Na mimi nilikuwa naimba nikimenya. Nilimwambia mama kesho tena

Baba Neema: Alikujibu nini?

Kitinda: Alicheka. Nakumbuka alifuta macho, nikadhani ni moshi wa kuni

Neema: Shikamooni wote. Niko Kibosho kwa bibi, nimemsomea ujumbe wote tangu mwanzo

Dada Mkubwa: Neema!! Nani alikutuma

Neema: Bibi anasema hakulia, ulikuwa moshi kweli. Na anasema mayai hayakuwa sitini, yalikuwa hamsini na mbili, manane yalipasuka kwenye sufuria

Mjomba: 😂😂 Hesabu bado anayo.

Neema: Bibi anauliza pia, lile beseni la maua mekundu liko kwa nani? Anasema alipohama kota lilikuwepo, alipofika Kibosho halikuwepo

Dada Mkubwa: *Ujumbe huu umefutwa*

Neema: Shangazi, bibi anasema nimsomee na huo