Tupeane uzoefu: saa za ukutani zenye picha za ndege wa zamani, nani anayo nyumbani?

MwanaMalindi
Assalaam alaykum. Nimeokota saa kwenye mzigo wa mtumba Darajani, mjini Unguja. Duara kubwa kama sinia la pilau, haina namba hata moja, kila mahali pa namba pamechorwa ndege, na chini yake jina la Kilatini kwa mwandiko wa kizamani. Karatasi imetiwa rangi ya chai ionekane kuukuu. Tangu niitundike ukumbini nyumba haijatulia: watoto wamegawana ndege kila mtu na wake, kasuku ndio wanaowagombanisha, na bibi ameapa hakai chini ya bundi. Bundi mwenyewe yuko pale juu kabisa, penye kumi na mbili!

Nazijua nyumba nyingi mjini zenye saa za namna hii siku hizi. Leteni visa vyenu. Mmezipata wapi, zinadumu vipi na hewa yetu ya chumvi, wenye nyumba walisemaje?

MamaWawili_Kikwajuni
Mimi yangu naipenda kwa sababu moja tu. Mwanangu saa za namba zilikuwa zinamchanganya. Anaona 7, anasema saa saba, naye kumbe anachelewa skuli maana ni saa moja. Ukimwambia "hesabu upande wa pili" anakutolea macho. Saa ya ndege haina 7. Nikamwambia mshale mfupi ukifika kwa korongo, viatu viwe mguuni. Ukifika kwa njiwa, ushachelewa. Basi. Sasa tabu iko kwa dada yangu, kwake saa ni ya namba, mtoto akienda anauliza korongo yuko wapi.

MzeeWaMkunazini
Hayo ya mama hapo juu yamenikumbusha baba yangu, Mungu amrehemu. Yeye saa yake ilikuwa inasomeka Kiswahili moja kwa moja. Kila jua likizama anapanda kiti, akrabu zote mbili anazipeleka juu, kumi na mbili kamili. Usiku unaanzia hapo. Saa moja usiku akrabu iko kwenye moja, saa mbili kwenye mbili, hakuna cha kupindua kichwani. Sisi kwetu hapa karibu na ikweta jua halichezi sana, ukirekebisha dakika chache tu inatosha.

Mjukuu wangu aliponiletea saa ya ndege nikasema hii ndiyo yenyewe, haina namba za kubishana nayo. Nikaiweka kwa desturi ya baba. Ndege wa juu ni tausi, kwa hiyo tausi ndiye magharibi, na ndiye alfajiri ya kuchomoza jua. Nyumba nzima tukazoea.

Akaja mwanangu kutoka Dar, alale usiku mmoja arudi na boti ya asubuhi. Kaamka, katazama ukutani, akrabu imepita tausi kidogo, kwenye moja. Yeye kichwani mwake hapo ni saa saba mchana. Alitoka chumbani na suruali mkononi, analia boti imemwacha! Ilikuwa saa moja asubuhi, chai ndiyo kwanza iko jikoni. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Hakutazama dirisha, hakutazama simu, ameamini tausi.

Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, uliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, kwa hiyo mjini sasa kila mtu na saa ya ukuta wake. Yangu ni ya tausi na sitaibadilisha.

Jangombe_Boy
Suruali mkononi 😂😂 mzee umeniua

BintiWete
Kwetu mzozo ulikuwa mwengine. Mume wangu aliileta kama zawadi, ndege wamechorwa vizuri, hata manyoya unayahesabu. Mavyaa alipokuja kututembelea akaiona pale tunaposalia, upande wa kibla. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, picha za wenye roho na mahali pa sala haviendi pamoja," akaenda zake kusali chumba cha ndani.

Mume wangu alitaka kubisha, kwamba ni mchoro tu, si sanamu. Nikamwambia wanazuoni wenyewe wamehitilafiana, na wewe hutamshinda mama yako kwenye hili. Tumeihamishia jikoni. Pale ukumbini tumerudisha saa yetu ya adhana. Na kusema kweli jikoni ndiko inakotazamwa zaidi, kwa wali na kwa mkate wa kumimina. Ambaye nyumba yake ina chumba kimoja cha kufanyia yote, afikirie kabla hajanunua.

KipangaWaMji
Mtupe na maarifa basi, si kucheka tu. Hizi picha nyingi si za kubuni. Ni nakala za michoro ya vitabu vikubwa vya karne ya 18 na 19, na hakimiliki zake zimekwisha zamani, ndiyo maana kila kiwanda kinaziweka kwenye saa, vikombe na mito. Maarufu kuliko zote ni za John James Audubon wa Marekani, *The Birds of America*, iliyochapishwa kati ya 1827 na 1838, kurasa 435 za picha. Alitaka kila ndege awe na ukubwa wake wa kweli, ikabidi karatasi iwe na urefu wa karibu mita moja. Heroe hakutosha hata hapo, akamchora ameinamisha shingo. Kwa hiyo ukimwona heroe kwenye saa yako kainama, si kwamba anakunywa maji tu, alikuwa anaingizwa kwenye karatasi.

Na msione wako hai vile. Audubon aliwapiga risasi kwanza, akawafunga kwa waya wakae mkao anaoutaka, ndipo akachora. Uingereza naye alikuwepo John Gould na wachoraji wake, wakichora kwenye jiwe, wakachapa, halafu rangi zinatiwa kwa mkono karatasi moja moja.

MwanaMalindi, kasuku wanaowagombanisha watoto wako ni wa rangi gani?

MwanaMalindi
Mwili kijani, kichwa njano, usoni mwekundu mwekundu.

KipangaWaMji
Inaelekea ni kasuku wa Carolina. Huyo humpati popote duniani. Wa mwisho aliyekuwa akifugwa alifia kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1918. Watu waliwaua kwa kuharibu mashamba na kwa ajili ya manyoya yao, misitu nayo ikakatwa.

MwanaMalindi
Innalillahi. Sasa nimwambie nini mtoto wa kike, ndiye ndege wake.

NgeziKwetu
Mwambie aje Pemba, tutampa mwengine aliye hai. Kwenye hizo saa utaona ndege wa Marekani na wa Uingereza, wetu hata mmoja hayupo. Kisiwa hiki kidogo kina ndege wanne wasiopatikana pengine popote: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba, na kinengenenge wa Pemba. Nenda msitu wa Ngezi, au mashamba ya mikarafuu yaliyoachwa yakashiba vichaka, utawasikia.

Mimi nilichukua picha nilizopiga mwenyewe, mjomba wangu aliye fundi seremala akanikatia duara la mvule, tukabandika wanne hao kwenye 12, 3, 6 na 9, kwengine tukatia karafuu kavu badala ya namba. Mashine ya saa tuliivua kwenye saa ya plastiki iliyovunjika kioo. Bundi nimemweka chini, penye sita, kwa heshima ya wazee. Bibi wa MwanaMalindi hayuko peke yake, huku kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Lakini bundi wetu ni kitu kidogo cha kutosha kiganjani, sauti yake "hu" moja, kimya, "hu" moja. Wataalamu walimwandika mwaka 1937, sisi tulikuwa tunamwogopa tangu zamani.

Jangombe_Boy
Wangekuwa wanajua ndege wa mjini Unguja, wangechora kunguru kumi na wawili wakamaliza kazi

FundiSaa
Nazitengeneza hizi kila wiki, nieleze kidogo. Zote ndani ni mashine ileile ya kwatzi, betri moja ya AA, kijiwe kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saa ya bei kubwa na ya bei ndogo zinatofautiana kwa uso tu. Kinachoziua hapa kwetu ni unyevu na betri mbovu. Betri ikivuja, ute mweupe unakula vyuma vya kushikia. Toa betri, futa kwa pamba yenye tone la siki au ndimu, kausha vizuri, kwangua kutu, saa inaamka. Usimwage maji.

Picha ikiwa ya karatasi na haina kioo, ukungu utaingia kwenye masika, hakuna ujanja. Ukiitundika mkabala na dirisha la bahari, rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupauka. Na wale wenye nyumba za mawe Mji Mkongwe, msigonge misumari. Chokaa inamwagika na tundu linakuwa pango. Toboa taratibu kwa drili bila kuigongesha, pachika kigingi cha mti, ndipo utie skrubu.

RangiZaPwani
Kuhusu picha kupauka, kuna njia nyengine. Tafuta kijana wa tingatinga akuchoree. Wale ndege wao, tangu enzi za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe kule Dar mwaka 1968, wanachorwa kwa rangi ya mafuta ya kupakia nyumba, kwenye ubao. Unyevu hauwapati kirahisi, na ukitaka unafuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Si za Kizungu za zamani, najua, ila kwa ukumbi wenye rangi mimi naziona zinapendeza kuliko hizo karatasi za chai. Za kwenye saa zenu naziona zimepooza kidogo, mnisamehe.

BintiWete
Zimepooza! Wee.

MamaWawili_Kikwajuni
NgeziKwetu, nataka kumtengenezea mwanangu kama hiyo ya karafuu. Mashine nimepata, lakini nikiipitisha kwenye ubao msumari wa katikati hautokezi upande wa pili, mishale haina pa kukaa.

FundiSaa
Ubao wako mnene. Mashine hizo zina shingo fupi na shingo ndefu, mwombe muuzaji ya shingo ndefu. Au mwambie seremala achimbe nyuma ya ubao shimo la mraba la kuizamisha mashine, ubaki unene mdogo tu pale katikati. Usisahau kuacha nafasi ya kuchomolea betri.

NgeziKwetu
Sisi tulichimba. Na karafuu zibandike kwa gundi ya mbao, si gundi ya karatasi, zitadondoka.