Boneti ya faiba ya Lotus Elan imechoka, nianzie wapi kabla ya rangi?

Mpenda Elan: Wakuu, naomba ushauri. Nina gari la Lotus Elan la 1967. Chasi ni chuma, bodi yote faiba. Boneti imepata nyufa nyembamba zilizosambaa kama utando wa buibui kuanzia karibu na kitasa, na ukibonyeza pale kwa kidole gumba panabonyea. Fundi mmoja kaniambia nipake puti, nipige msasa, nipulize rangi, basi. Roho yangu inakataa, maana boneti hii ni ya gari lenyewe tangu kiwandani. Halafu rangi kuukuu, niitoe kwa dawa?

Msasa Mkavu: Mkuu, puti iweke pembeni kwanza. Panapobonyea ndipo penye ugonjwa, nyufa za juu ni dalili. Geuza boneti uangalie upande wa ndani palepale. Ukikuta faiba imepasuka au tabaka zimeachana, ukiziba juu tu ufa utarudi kwenye rangi mpya. Puti haina nyuzi za kushikilia.

Saga ndani mpaka ufike kwenye faiba nzima, isiyo na mafuta ya injini. Kingo za ufa zishuke taratibu: upana wa mteremko uwe walau mara 8 ya unene. Faiba ya milimita 3 inataka milimita 24 kila upande. Ukishaweka faiba mpya na resini (kimiminika kinachoganda na kushikilia nyuzi), kandamiza kwa rola mpaka weupe uishe. Weupe ni hewa iliyonaswa au nyuzi ambazo hazijaloa.

Bi Karakana: Naongezea kwenye resini, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Bodi hizo ni za resini ya poliesta. Poliesta mpya itashika, ila kwenye faiba kuukuu mimi nachagua epoksi, resini ya aina nyingine, inang'ang'ania zaidi. Sasa angalia: ukitumia epoksi, nunua kitambaa cha faiba kilichofumwa. Mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa kwa kawaida una gundi inayoyeyushwa na staireni, kiyeyushi kilichomo kwenye poliesta. Epoksi haina staireni, kwa hiyo mkeka unabaki mkavu na mgumu kukunja. Na ukishaweka epoksi, usirudi na poliesta juu yake, haishiki vizuri.

Kijana wa Spreya: Dawa ya kutolea rangi kwenye chuma usiiguse, ndugu, inakula na resini. Toa rangi kwa msasa, anza na namba 80, polepole. Vaa kipumulio, vumbi la faiba si la kuvuta. Rangi ya hadina (ya kuchanganywa na kigandishi) ina isosianeti, kemikali yenye sumu, hiyo barakoa ya kitambaa haizuii kabisa.

Mpenda Elan: Asanteni sana. Nimegeuza, na kweli ndani kuna ufa unaopita chini ya kitasa. Zile nyufa za mbali, ambako hapabonyei, nazo nizisage?

Msasa Mkavu: Zote. Saga mpaka mstari upotee kabisa, kisha laza kitambaa chembamba cha faiba eneo lote, ndipo praima ya epoksi. Usikimbilie rangi. Resini huendelea kusinyaa, iache ikae mahali pa joto siku kadhaa, upige msasa tena ndipo upulize. Na kabla ya yote hayo, jaribu kuifunga boneti uone kitasa kinaingia bila kulazimishwa. Kikikaza, rekebisha kitasa kwanza.