Muuzaji anasema trekta itakuwa "kiwango cha tatu". Cha tatu cha nini?

NgurumoYaNjoro:
Wadau, habari za jioni. Nina trekta mbili za kukodisha, nalimia watu ngano na mahindi kuanzia Njoro hadi Mau Narok. Muuzaji mmoja hapa Nakuru mjini ananibembeleza nifunge mtambo wa kujiendesha: antena juu ya paa, skrini, na mota ndogo ya kuzungusha usukani. Anadai trekta itakuwa "kiwango cha tatu" na dereva wangu atakaa akichati tu. Bei naogopa hata kuiandika. Nilipomuuliza kiwango cha tatu ni nini, akanipa broshua. Hivi viwango vinapimwaje? Na ikigonga mtu, kesi ni ya nani?

FundiKitale:
Mkuu, hiyo namba imeazimwa kwa magari. SAE, chama cha wahandisi wa magari chenye makao Marekani, walitoa orodha yao mwaka 2014, sifuri hadi tano. Cha kwanza, gari linakusaidia usukani au mwendo, kimojawapo. Cha pili, vyote viwili, lakini macho yako hayatoki barabarani. Cha tatu linaangalia barabara lenyewe na kukuita likielekea kushindwa, nawe uwe tayari kushika. Cha nne, hata usiposhika linajua kujisimamisha salama.

Sasa huo mtambo uliotaja hauoni kitu. Unafuata mstari wa satelaiti, basi. Ng'ombe akilala mbele, utampitia. Huo ni cha kwanza.

NgurumoYaNjoro:
Kumbe! Basi nimwambie ni cha kwanza, tumalizane?

KijikoKisumu:
Pole pole, ndugu. Hata hiyo moja haisemi yote. Kazi ya gari ni kwenda. Mashine zetu zinakwenda na kufanya kazi. Mimi ni wa ekskaveta: naweza kuchimba mtaro tangu asubuhi hadi saa sita, cheni hazijasogea mita kumi, jasho lote liko kwenye kijiko. Ukiipa namba ya kutembea peke yake, umesema nini?

Wapo watafiti wa mitambo mizito waliopendekeza namba mbili, ya kutembea na ya kazi, kila moja sifuri hadi tano. Trekta yako basi: kutembea moja, plau sifuri. Nani atainua plau mwisho wa shamba? Nani ataangalia kina, au kuzibua planta, mashine ya kupandia, mbegu zikikwama? Dereva yuleyule anayeambiwa achati.

MamaMoiben:
Huyo wa kuchati amenichekesha. Mimi ninao mtambo kama huo na siujutii, ila niliununua kwa sababu ya mbegu. Planta ya mita 3, kila mzunguko ukipandia sentimita 30 za mstari uliopita, sehemu moja ya kumi ya mbegu na mbolea umeirudia. Hilo limekwisha. Lakini karibu na mikaratusi satelaiti hupotea, trekta inaanza kuyumba, na dereva asipokuwa macho unalima ua wa jirani.

FundiKitale:
Kuhusu kesi. Kule Pilbara, Australia, malori ya kampuni ya madini ya Rio Tinto hubeba mawe bila dereva, wanaoyasimamia wako mji wa Perth, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mgodini. Inawezekana kwa sababu mgodi umefungwa, hakuna anayeingia ovyo. Shamba la Njoro lina njia ya mkato ya kwenda kanisani na kondoo wa watu wanne. Lori lilelile ukilileta huku, kiwango chake kinaanguka siku hiyohiyo. Kwa hiyo muulize pia: kiwango hicho ni cha mahali gani? Bima yako waulize kwa maandishi, na dereva abaki kitini.

NgurumoYaNjoro:
Nimempigia. Nimemwambia aandike kwenye risiti: kutembea ngapi, kazi ngapi, nani anaangalia mbele. Ameomba siku mbili aulize ofisini. Mama, mikaratusi yako iko upande gani? Mimi shamba moja imezunguka karibu lote.

MamaMoiben:
Pande mbili. Mwambie alete mtambo aujaribu hapo kwenye miti kwanza, tena na planta nyuma. Wao hupenda kuonyesha katikati ya shamba.

KijikoKisumu:
Na mbegu ndani ya planta, mama. Tupu haikwami.